Neno Nililolifunga Kitandani

Mimi hakuna kitu cha kunishtua. Nimesema hakuna. Fuso yangu ya kwanza ilipinduka kwenye mteremko karibu na Muleba ikiwa na shehena ya simenti, nami nikatokea dirishani, nikajipangusa vumbi, nikamuuliza dereva kama alikuwa amekula. Tetemeko lilipotikisa mji wa Bukoba nilikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Watu walikimbilia barabarani na mashuka shingoni, mimi nikabaki kwenye kiti nikimsubiri kinyozi arudi amalizie kazi yake. Nina nyumba tatu za kupangisha mtaa wa Bakoba, nina duka la vifaa vya ujenzi, na yote hayo nimeyapata kwa darasa la saba la kijijini ambalo hata cheti chake sijui kiko wapi. Sisi Wahaya tunachekwa kwamba kila mmoja wetu ni nshomile, yaani "nimesoma". Mimi ni Mhaya ambaye hakusoma na bado najisifu. Sasa fikiria ningesoma.

Basi msimu wa kahawa uliopita dereva wangu aliacha gunia moja la maganda, yaani kahawa iliyokaushwa bila kukobolewa, ndani ya kichwa cha gari, vioo vimefungwa, jua la saa nane. Nilipofungua mlango ile harufu ikanijia usoni. Ni tamu kidogo, kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, ni kali kidogo kama moshi wa kuni mbichi, na nyuma yake kuna harufu ya katani ya gunia lenyewe. Nikakaa pale kwenye ngazi ya gari, mtu mzima na kitambi changu, wafanyakazi wananitazama. Nilikuwa na miaka kumi tena, nimesimama kando ya kitanda changu, na mtu mgeni anainama mbele yangu kusoma.

Ngoja nikusimulie, maana habari hii nimeificha muda mrefu kuliko nilivyowahi kuficha faida.

Tulikaa juu ya Muleba, kwenye kibanja cha migomba na mibuni, wakati mkoa wetu ungali ukiitwa Ziwa Magharibi. Baba yangu, nasi tulimwita Tata kama Wahaya wote, alikuwa na kiduka cha chumvi, sabuni na mafuta ya taa mpaka duka la kijiji la ujamaa lilipofunguliwa na viduka vya watu vikafungwa. Hakulalamika. Alizichukua mbao za kaunta akatutengenezea kitanda mimi na dada yangu Zainabu, kitanda kirefu kwenda juu hata unapanda kwa kuruka, akarudi kwenye kahawa yake. Majirani zetu karibu wote walikuwa Wakatoliki, na Walutheri wachache. Sisi tulikuwa nyumba ya Waislamu peke yetu upande ule wa kilima, kwa sababu babu aliwahi kumbebea mizigo mfanyabiashara mmoja hadi Bukoba akarudi na jina jipya na kofia.

Siku moja Tata alikwenda kuswali Ijumaa Bukoba mjini. Baada ya swala mgeni mmoja akamshika mkono akamsemesha kwa Kiarabu, maneno marefu, kwa uchangamfu. Tata aliitikia salamu vizuri. Yaliyofuata hakuyajua, akajibu "amina" mahali ambapo palikuwa pameulizwa swali. Watu walicheka. Hata watoto wa Miembeni, mtaa wa pale mjini, waliokuwa wakivaa viatu vyao mlangoni walicheka. Alirudi nyumbani, mama akampakulia ndizi na maharage, hakugusa.

"Wanangu hawatachekwa na watoto wa Miembeni," alisema, akakiangalia chakula kama ndicho kilichomcheka.

Huko Miembeni alikuwako mwalimu aliyekuwa akipokea watoto wa mbali wakae kwake, asubuhi waende shule ya mjini, jioni wasome Kiarabu. Tata alikwenda kumwona. Akarudi na masharti mawili. La kwanza, mtoto afike akiwa tayari anajua kusoma herufi na kuvitaja vitu vya nyumbani kwa Kiarabu. La pili, chakula cha mwaka mzima kilipwe siku ya kufika. La kwanza Tata alisema tutalimaliza sisi wenyewe, humu humu ndani. La pili litamalizwa na kahawa.

Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Kahawa yote ilitakiwa kupelekwa ushirika, nako malipo yalikuja kidogo kidogo na kwa kuchelewa. Ng'ambo ya ziwa, Uganda, walilipa papo hapo na walilipa vizuri. Hiyo ndiyo tuliyoiita magendo, na mtu wa kijiji cha pili alikuwa amepelekwa gerezani Bukoba kwa magendo ya gunia mbili tu. Mke wake tulikuwa tunamwona akipalilia peke yake, mtoto mgongoni. Tata akaweka magunia manne chini ya kitanda chetu, akashusha shuka mpaka sakafuni, akakaa kumsubiri mjomba wetu mwenye mtumbwi, ambaye alisema atakuja ziwa litakapotulia. Magunia yale manne ndiyo yalikuwa Miembeni yetu. Mama alituambia hivyo, na akatuambia tena kwamba atakayefungua mdomo atamfunga baba yake.

Huku tukisubiri, masomo yakaanza. Tata alikuwa amefundishwa herufi na babu, na alikuwa na kijitabu chembamba chenye picha na majina ya vitu. Alikata maboksi ya sabuni vipande vipande, akaandika kwa wino jina la kila kitu, akatoboa tundu, akafunga kwa kamba ya mgomba. Mlango ukaning'inizwa *bab*. Dirisha *shubbak*. Mtungi *ma*, kwa ajili ya maji yaliyomo. Kitanda chetu *sarir*. Mbuzi naye alivalishwa jina lake shingoni, akalila siku hiyo hiyo. Mpaka mkebe wa senene, wadudu wetu wa kukaanga, ulipata kibandiko, na hapo kijitabu kilimshinda Tata, maana hakuna senene ndani yake. Akaandika neno la nzige kwa shingo upande, na mama akasema hizo ni dharau.

Kisha kukawa na sheria. Kuanzia alasiri mpaka chungu kinapoteremshwa jikoni, kitu chenye kibandiko hakiitwi kwa jina jingine, si la Kihaya wala la Kiswahili. Shuleni kwetu mtoto aliyesema Kihaya alivishwa kibao shingoni, akakivaa mpaka amkamate mwingine. Tata akaichukua adhabu hiyo hiyo akaileta nyumbani. Ukisahau, unavalishwa kibao. Mimi nilikivaa sana wiki ya kwanza, halafu sikukivaa tena. Mama ndiye aliyetushinda wote kwa kasi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na haja ya chumvi na maji kila baada ya dakika mbili. Lakini kwa kuandika, bingwa alikuwa Zainabu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mkono wake ulitulia, na herufi zake zilikaa kwenye mstari kama kuku wanaolala. Tata alikuwa akikiinua kipande chake kwenye mwanga na kusema, "Huyu atawaandikia barua hao wa Miembeni." Mimi alinipiga kofi dogo la mgongo akasema, "Na wewe utambebea."

Sikuzoea kuwa wa pili. Hata leo sijazoea.

Asubuhi moja, Tata akiwa shambani, nilikata kipande changu cha boksi, nikachukua wino wake, nikaandika neno langu la kwanza bila kusaidiwa. Nilichagua neno rahisi, ambalo ni karibu sawa na letu: kahawa. Nililiandika vizuri, naapa. Sasa kitu chenyewe cha kukifungia jina hilo kilikuwa wapi? Kilikuwa chini ya kitanda. Basi nikalifunga kwenye ubao wa kitanda, chini tu ya *sarir*, pale shuka inapoanzia.

Zainabu aliliona alipokuja kukunja nguo. Akaweka nguo chini.

"Abdu, litoe hilo."

"Nani atalisoma? Ta Petro? Mwenyekiti? Wao wanajua nyimbo za kanisani tu."

"Litoe, nakwambia. Nitamwambia Tata."

"Mwambie. Mwambie pia kwamba limenyooka kuliko ya kwako."

Nikaliacha. Nilitaka Tata alikute akirudi. Nilikuwa nimeshalisikia kichwani lile kofi dogo la mgongo.

Walifika alasiri, kibao cha adhabu kikiwa bado kwenye msumari. Kwanza nilisikia mbwa wa jirani, kisha sauti ya Ta Petro, yaani Mzee Petro, balozi wetu wa nyumba kumi, akipiga hodi kwa unyonge wa mtu asiyependa kilichomleta. Nyuma yake mgambo wawili na fimbo zao. Nyuma ya mgambo, mtu mwembamba wa makamo, shati jeupe, viatu vya ngozi vilivyojaa tope letu jekundu. Tata alikuwa ametoka shambani wakati huo huo, panga mkononi. Aliliweka chini polepole sana.

"Ta Idrisa, utusamehe," alisema Ta Petro. "Huyu ni Bwana Seifu. Ametumwa kukagua mambo ya kahawa. Nyumba zote, si yako tu."

"Karibuni, waitu," alisema Tata, kwa neno letu la heshima.

Mgambo wakaanza kuchokoa. Walichokoa kwenye dari ya jikoni, wakainua vifuniko vya vyungu, mmoja akapekua majani tuliyotandika sakafuni kwa ncha ya fimbo kama anayetafuta sindano. Yule Bwana Seifu yeye hakuchokoa chochote. Alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kibandiko cha *bab* kwa vidole viwili.

"Nani kaandika haya?" Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, kinateleza.

"Ni masomo ya watoto, bwana mkubwa. Ya dini."

"Mlango una dini?" Akatabasamu, lakini Tata hakutabasamu. "Hebu, kijana. Nisomee."

Msomaji wangu, sikiliza jinsi mtoto mwenye sifa anavyoweza kuwa mjinga. Nilisahau msako. Nilisahau mgambo. Nilimwona mtu wa mjini ameniomba nisome, basi. Nikasoma mlango. Nikasoma dirisha kwa sauti ya kuadhini. Nikasoma mtungi, kiti, taa, mpaka mgambo mmoja akaacha kuchokoa akacheka, "Huyu katoto ni redio!" Nikazidi. Nikamvuta Bwana Seifu kwa mkono, mimi mwenyewe, nikampeleka kitandani.

"*Sarir!*" nikasema, na kidole changu kikawa kimeshateremka kwenye neno la pili.

Zainabu akakohoa.

Ndipo nikaliona. Neno langu, wino mweusi, limenyooka. Nyuma ya shuka, karibu kiasi cha kuyagusa kwa goti, magunia yalikuwa yakitoa ile harufu yao ya ndizi na moshi.

"Na hili?" akauliza Bwana Seifu.

"Hilo... hilo bado sijajifunza."

Akainama. Nilimwona midomo yake ikisogea, herufi moja, herufi moja. Akakaa ameinama vile muda ambao mpaka leo siwezi kukwambia ulikuwa mrefu kiasi gani. Mgambo yule aliyecheka akasogea na fimbo yake.

"Bwana mkubwa, chini ya kitanda tuangalie?"

Bwana Seifu akaifungua ile kamba ya mgomba, taratibu, bila kuikata. Akakitia kile kipande kwenye mfuko wa shati lake.

"Nimeshaangalia mimi," alisema. "Kitanda cha watoto. Twendeni, jua linakwenda."

Wakaenda.

Tata alikaa kizingitini mpaka sauti zao zikaisha. Halafu akatuita.

"Ameweka nini mfukoni?"

Zainabu akanitazama. Mama akamtazama Zainabu.

"Sijui, Tata," nikasema.

Hilo tu. Maneno mawili, na yalikuwa mepesi kutoka kuliko *shubbak*.

Ijumaa ya wiki ile Bwana Seifu akarudi, peke yake, bila mgambo. Alisema amekuja kuwajulia hali watoto. Tata alimkaribisha ndani kwa mikono miwili, na mama akatoka nyuma akakamata kuku, kwa sababu ungefanya nini? Mtu amekuja kupekua nyumba yako, ameondoka na kitu mfukoni, na sasa amerudi anataka kukaa. Akala. Kisha akavua viatu, akakaa juu ya kitanda chetu, miguu ikining'inia mbele ya shuka, akatuambia tukae chini kwenye majani tumtazame mdomo.

Alifundisha vizuri kuliko Tata, sina budi kusema. Hakutumia kibao. Alitutuma: niletee kikombe, kiweke juu ya kiti, kitoe, kiweke chini ya kiti. Yote kwa Kiarabu, na ukikosea alikifuata kikombe yeye mwenyewe. Alimfundisha Zainabu kuandika jina la mama. Alipoletewa senene alikisoma kile kibandiko akashangaa. "Mnakula nzige?" Mama, ambaye kwa hofu alikuwa hajasema neno tangu asubuhi, akajikuta amepandisha sauti. "Si nzige! Ni senene!" Mgeni akajaribu mmoja, akala mkebe mzima.

Halafu, akiwa ananawa, akavuta pumzi. "Nyumba yenu inanukia vizuri," akasema.

Mkono wa Tata uliokuwa umeshika birika ukasimama. Maji yakaendelea kumwagika kwenye bakuli, yakajaa, yakafurika.

Akaja Ijumaa ya pili. Akaja ya tatu. Kila Ijumaa kuku mmoja. Tata alianza kukonda. Alikuwa akiamka alfajiri anakwenda kutazama barabara, anarudi, anainua shuka, anashusha. Kuyahamisha magunia hakuweza, maana mgambo walikuwa njia zote za kwenda ziwani. Mjomba naye hakuonekana. "Ananichezea," nilimsikia akimwambia mama. "Anajua kuna kitu, hajui kiko wapi. Anangoja watoto wamzoee, kisha atawauliza."

"Basi tumwambie asije."

"Ukimwambia asije, ndiyo umemwambia kiko humu."

Zainabu alikuwa akinibana kwenye migomba kila Alhamisi. "Mwambie Tata kwamba yule amekwisha kujua. Alisoma, akanyamaza."

"Atanichapa."

"Usipomwambia atakufa. Hebu mwone shingo yake."

"Wewe je? Si umwambie wewe?"

"Neno si langu," alisema. "Uliniambia limenyooka kuliko ya kwangu. Haya, lisemee."

Kumbe yeye, na miaka yake kumi na miwili, alikuwa ameelewa jambo ambalo mimi lilinichukua nusu ya maisha: mtu anayetafuta ni hatari, lakini mtu aliyekwisha kuona akaficha ni mlinzi wako. Tata angejua hilo moja tu, angelala usingizi, angemsubiri mjomba. Sikumwambia. Kila nilipofungua mdomo nililiona lile kofi dogo la mgongo likigeuka kuwa kitu kingine.

Baada ya Ijumaa ya nne ilinyesha mvua ya mchana, ile mvua yetu ya kuziba macho, watu wote ndani. Tata akavua shati. Akatoa gunia la kwanza chini ya kitanda akalitoa nje. Nikamfuata mpaka mlango wa nyuma. Alikuwa amechimba mashimo kwenye migomba, mama akimsaidia kwa jembe, nao walikuwa wakimwaga kahawa ndani ya mashimo, gunia moja, la pili, la tatu, la nne, na kuifukia kwa udongo na majani makavu kama mbolea. Maji yalikuwa yakimtiririka Tata usoni. Aliponiona akasema, "Ingia ndani, utalowa." Alisema kwa upole kabisa. Magunia matupu akayachoma jikoni.

Msimu uliofuata mgomba mmoja pale ulizaa mkungu uliobebwa na watu wawili. Majirani walikuja kuuliza siri yake ni nini.

Mjomba alikuja na mtumbwi wake siku kumi baadaye. Alikunywa chai akaondoka.

Na Bwana Seifu akaendelea kuja. Kuku wakaendelea kupungua. Tata hakuogopa tena kama mwanzo, lakini hakuchangamka pia, alikaa tu akitutazama tukisoma Kiarabu cha Miembeni ambako hatutakwenda. Ijumaa ya mwisho, mgeni wetu alisema amepewa uhamisho. Alimuaga Tata, akamuaga mama, akampa Zainabu kijitabu. Mimi aliniita nyuma, kwenye kichanja cha vyombo, akatoa mfukoni kile kipande cha boksi.

"Hiki ni chako," alisema. "Mwandiko wako umenyooka. Nilipokisoma siku ile nilimkumbuka mama yangu, kule kwetu Pangani. Naye alituandikia majina ya vitu kwa mkaa, ukutani. Nina mwaka wa pili huku, sijasikia mtoto akisoma." Akanitazama. "Siku nyingine usiandike kila unachokijua. Na ile mizigo ilifika salama?"

Nikamwambia ndiyo.

"Alhamdulillahi," alisema, na alifurahi kweli, niliona. Akaenda zake na viatu vyake vya tope. Kile kipande nilikitumbukiza jikoni kabla hajafika barabarani.

Yaliyofuata ni ya kujisifu, kwa hiyo nitayakatisha. Nilimaliza darasa la saba, hapakuwa na pa kwenda, nikashuka Kemondo kubeba magunia na samaki bandarini. Nikaokota, nikanunua, nikauza, nikawa huyu unayemsoma. Zainabu aliolewa Kamachumu, na mpaka leo sebule yake imejaa watoto wa jirani na vibandiko. Hata friji ina jina shingoni. Nami kila mahali, harusini, misibani, kwenye vikao, nimekuwa nikisema maneno yale yale: mimi sikusoma kwa sababu baba yangu alikuwa maskini, lakini tazameni.

Bwana Seifu nilimwelewa Sumbawanga. Nilikuwa nimepeleka mzigo, wiki tatu sijasikia lugha ya kwetu, na asubuhi moja sokoni nikasikia mwanamke akimgombeza mtoto wake kwa Kihaya. Alikuwa anamtukana hasa. Nilimfuata nyuma nusu ya soko, mwanaume mzima, nimeshika nyanya nisizozihitaji, ili tu nisikie matusi yale. Ndipo nikasimama. Yule mtu hakuwa akituchezea. Alikuwa anakuja nyumbani.

Hata hivyo sikumwambia Tata. Ilinibidi ninuse lile gunia ndani ya gari. Siku ya pili yake nilikwenda Muleba, nimembebea sukari na blanketi. Mama alikwisha kututangulia. Tata alikuwa amekaa nje juani, fimbo yake mapajani, na nilimsimulia yote, kibandiko, mfuko wa shati, "sijui Tata", kichanja cha vyombo. Nilisimulia kwa kuchekesha, kwa sababu mimi najua kusimulia, na nilidhani tutacheka.

Hakucheka.

"Alijua tangu siku ya kwanza," alisema.

"Alijua, Tata."

"Nami nikamlisha kuku kumi na watatu ili asijue." Akaigeuza fimbo yake. "Unasemaga kwa watu kwamba nilikuwa maskini."

Miaka yote ile alikuwa amekaa mbele yangu kwenye hizo harusi, kwenye kiti cha heshima nilichomnunulia mimi, akinisikia nikiyasema, na mara nyingine watu wakipiga makofi alipiga pia. Hajawahi hata siku moja kusimama akasema: nilikuwa na magunia manne. Nilijua nimemnyang'anya kahawa. Sikujua kwamba nilikuwa nikimnyang'anya na hilo, kila mwaka, kwa kipaza sauti.

"Leta kalamu," alisema.

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Magunia manne, kilo sitini kila moja. Nikataja bei ya ushirika.

"Mimi sikuwa naipeleka ushirika," alisema Tata. "Weka ya ng'ambo."

Nikapiga simu Mutukula, mpakani, nikaambiwa elfu mbili na mia nne kwa kilo, nikaweka. Kuku akawataja mmoja mmoja kwa rangi zao, nikaweka elfu kumi na tano kila mmoja, akaikubali bei hiyo. Halafu akasema amesikia kiu kwa kunisikiliza, akamtuma mjukuu soda ya baridi, ya mia sita, akaniambia niiandike na hiyo. Nilimhesabia pesa mkononi, yeye akirudia kuhesabu nyuma yangu: shilingi laki saba, sabini na moja elfu, na mia sita.